Hata Abiria Wana Chujio Lao



Mwaka 1973 nchi yetu iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vidogo, kisha wakashika majembe. Walichimba vyoo, wakasafisha visima, wakafyeka majani karibu na nyumba. Somo lile halikuisha. Mpaka leo tunajua kwamba maji ya kunywa huchujwa kwa kitambaa safi, kisha huchemshwa.

Leo tuongeze jambo moja juu ya somo lile. Tuzungumze juu ya hewa. Maji machafu unaweza kuyakataa ukasubiri mengine. Hewa huwezi kuikataa hata dakika tano. Mtu mzima aliyekaa tu kitini huvuta lita 6 hadi 8 za hewa kwa dakika moja. Kwa saa moja ni karibu lita 400. Pipa kubwa la mafuta lina lita 200. Basi kila abiria huvuta mapipa mawili ya hewa kwa saa moja ya safari. Je, hewa hiyo inatoka wapi, na imechujwa na nani?

VUMBI LA KIANGAZI

Sisi wa Kaengesa na vijiji vya jirani tunalijua vumbi. Barabara kuu kutoka Tunduma hadi Sumbawanga sasa ina lami. Ilijengwa kwa fedha za mkataba ambao Tanzania na Marekani zilitia sahihi mwezi Februari 2008. Lakini njia nyingi za kwenda vijijini na mashambani ni za udongo. Tangu Mei mpaka Oktoba mvua hakuna. Upepo wa huku juu Ufipa ni mkali. Malori yanabeba mahindi, na nyuma ya kila lori kuna wingu jekundu.

Ndani ya gari la abiria mazungumzo ni yale yale kila siku.

“Mwanangu, fungua dirisha, tunakosa hewa.”

“Mama, nikifungua vumbi litaingia.”

“Basi washa hiyo feni.”

“Feni nayo inaleta vumbi, mama.”

Mama amesema kweli, na dereva naye amesema kweli. Lakini feni inayopuliza vumbi inatuambia jambo. Inatuambia kwamba chujio la hewa limejaa, limechanika, au halipo kabisa.

MACHUJIO MAWILI

Magari mengi ya siku hizi yana machujio mawili ya hewa. Tusiyachanganye.

La kwanza ni la injini. Injini huchoma mafuta, na moto hauwaki bila hewa. Wazee wetu wa Ufipa waliijua siri hii zamani. Walipoyeyusha chuma walijenga tanuri refu la udongo, lenye urefu kupita wa mtu. Chini waliweka mabomba ya udongo. Moto ukishika, tanuri lilijivutia hewa lenyewe kupitia mabomba hayo, bila mtu kupuliza mivukuto. Injini nayo hujivutia hewa namna hiyo. Ikivuta na vumbi, vyuma vya ndani husagika. Ndiyo maana kila dereva hulikumbuka chujio la injini. Hulitoa, hulikung’uta, akiona limechoka hununua jingine.

La pili ni la watu. Hili huchuja hewa inayoingia pale wanapokaa dereva na abiria. Hili husahaulika. Wapo madereva wenye miaka kumi barabarani ambao hawajapata kuliona. Likisahaulika gari halizimiki. Gari litakwenda tu. Anayeumia ni mtu: mtoto, mzee, mwenye pumu, mama mjamzito anayepelekwa hospitali. Mtu haziki gia wala hatoi moshi, basi hakuna anayeharakisha kumtengeneza.

Tunasema hivi: kama chuma kinachujiwa hewa, mtu naye achujiwe.

CHUJIO LINAVYOFANYA KAZI

Hewa ya nje huingia kwenye gari kupitia matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele, karibu na waipa. Feni huivuta. Kabla ya kufika kwa abiria, hewa hupita kwenye chujio.

Chujio lenyewe ni kama daftari jembamba la mstatili. Limetengenezwa kwa kitambaa cha nyuzi nyembamba sana, kilichokunjwa mikunjo mingi. Mikunjo ni ya nini? Ni ya kupata eneo kubwa mahali padogo. Kunja kanga kama feni ya mkono, utaona inakaa kwenye kiganja. Ikunjue, inafunika kitanda. Ndivyo chujio linavyopata nafasi ya kukamata vumbi jingi.

Vumbi analolikamata si lile tu tunaloliona. Chukua milimita moja kwenye rula yako. Igawe sehemu 1,000. Unywele wa mtu una unene wa sehemu kama 70 hivi. Chembe za vumbi zenye sehemu 10 au chini ya hapo hupita puani na kooni, zikaingia kwenye mapafu. Zile ndogo kabisa, za sehemu mbili na nusu au chini yake, hufika ndani zaidi, mahali ambapo mwili hupata shida kuzitoa. Kwa hiyo vumbi baya kuliko yote ni lile lisiloonekana. Chujio zuri hukamata sehemu kubwa ya chembe za vumbi, ingawa zile ndogo kabisa halizimalizi.

Kuna kazi nyingine ya chujio. Feni ikipuliza vizuri huku madirisha yamefungwa, hewa ya ndani husukuma kidogo kwenda nje kupitia nyufa za milango. Vumbi likitaka kuingia kwenye nyufa hizo hukutana na hewa inayotoka. Lakini chujio likiziba, feni haina nguvu. Hapo vumbi huingia kupitia kila mpira wa mlango uliochoka.

Machujio mengine yana rangi nyeusi au kijivu. Hayo yametiwa mkaa maalumu wa kukamata harufu. Mkaa huo umetobolewa vitundu vingi visivyoonekana. Gramu moja tu ina eneo la zaidi ya mita za mraba 500, ukikunjua vitundu vyote. Ekari moja ni karibu mita za mraba 4,000. Basi gramu nane za mkaa huo zina eneo la ekari nzima. Lakini mtu asichukue makaa ya jikoni akayatia kwenye chujio. Makaa yetu hayakutengenezwa hivyo, nayo yatatoa vumbi jeusi.

DALILI ZA CHUJIO LILILOCHOKA

Tazama dalili hizi:

1. Feni inanguruma kwa nguvu, lakini hewa inayotoka ni hafifu.
2. Unapowasha feni, vumbi au harufu ya uvundo hutoka.
3. Abiria wanapiga chafya na kukohoa ingawa madirisha yamefungwa.
4. Kioo cha mbele kinashika ukungu kwa ndani, na hauondoki upesi.

Dalili ya nne ni ya hatari. Huku kwetu ni juu, na asubuhi za Juni na Julai ni za baridi kali. Wakati wa masika nako kuna unyevu. Watu wanane ndani ya gari wanapumua, pumzi yao inaganda kwenye kioo. Feni ndiyo ya kukausha kioo hicho. Feni isipopata hewa, dereva anafuta kioo kwa kitambaa huku gari linakwenda. Mkono mmoja usukani, mkono mmoja kiooni, na ng’ombe wanavuka barabara. Chujio lililosahaulika laweza kuleta ajali.

JINSI YA KULIBADILISHA

Kwanza hakikisha kama gari lina chujio hilo. Magari mengi ya zamani hayana. Mengine yana nafasi ya chujio, lakini ukifungua unakuta patupu. Soma kitabu cha gari, au muulize fundi anayelijua gari la aina yako.

Katika magari mengi madogo ya Toyota yaliyotengenezwa tangu miaka ya 2000, chujio liko nyuma ya kile kisanduku kilicho mbele ya magoti ya abiria wa mbele, kisanduku cha kuwekea karatasi za gari. Kazi yake ni ya robo saa, na mara nyingi haihitaji hata bisibisi. Fuata hatua hizi:

1. Zima gari. Ondoa ufunguo.

2. Fungua kisanduku. Toa vitu vyote vilivyomo.

3. Tazama ubavuni mwa kisanduku. Mara nyingi kuna kijiti cha plastiki kinachokizuia kisianguke. Kichomoe polepole.

4. Bonyeza pande mbili za kisanduku kwenda ndani, kwa mikono miwili. Kisanduku kitashuka. Usitumie nguvu nyingi. Plastiki ya zamani huvunjika kama muwa mkavu.

5. Nyuma yake utaona kifuniko cha mstatili. Bonyeza vishikizo vyake, kitoe.

6. Kabla ya kuvuta chujio, tazama mshale ulioandikwa juu yake. Kumbuka unaelekea wapi. Wengine wanapiga picha kwa simu. Sisi tunasema chora kwenye daftari. Kisha vuta chujio polepole, likiwa limelala, ili uchafu usimwagikie ndani.

7. Futa nafasi ya chujio kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Usimwage maji, maana ndani kuna feni na nyaya.

8. Chukua chujio jipya. Kwenye ubavu wake andika kwa kalamu tarehe ya leo na kilometa zinazosomeka kwenye dashibodi. Kwa mfano: 6 Julai, km 148,200.

9. Ingiza chujio jipya. Mshale uelekee kama ulivyokuwa, au kama kitabu kinavyoonyesha. Likiwekwa kinyume halitafanya kazi ipasavyo.

10. Rudisha kifuniko, rudisha kisanduku, rudisha kijiti. Washa gari, washa feni, sikiliza. Kama kuna mlio wa kukwaruza, zima, fungua tena uangalie.

Kabla ya kwenda Sumbawanga kununua chujio, nakili namba iliyo kwenye lile la zamani. Au libebe lenyewe ndani ya mfuko. Dukani linganisha urefu, upana na unene. Chujio dogo kuliko nafasi yake ni bure, kwa kuwa hewa itapita pembeni na vumbi lake.

JE, LINAWEZA KUSAFISHWA?

Swali hili tunaulizwa mara nyingi, maana fedha ni ngumu. Jibu letu ni hili. Chujio la kawaida si la kufua. Ukilitia kwenye maji na sabuni, nyuzi zake huvurugika, na likibaki na unyevu huota kuvu. Ukilipuliza kwa upepo mkali wa kujazia matairi, unaweza kuitoboa mikunjo bila kujua. Yapo machache yaliyotengenezwa ili yafuliwe. Hayo huandikwa hivyo, basi soma maandishi kwanza.

Unachoweza kufanya ni kulikung’uta taratibu nje ya gari, uso wenye uchafu ukitazama chini. Majani, makapi ya ngano na vumbi kubwa vitaanguka. Funika pua na mdomo. Kazi hii inaongeza siku chache tu. Lile vumbi dogo limekwama ndani ya nyuzi, nalo halitoki.

Harufu mbaya nayo haiondolewi kwa manukato. Manukato hufunika harufu, hayaondoi chanzo. Wengine hunyunyizia chujio mafuta mazuri, au hata dawa ya mbu. Tunakataza kabisa. Kila atakayepanda atavuta dawa hiyo.

Ukitaka gari linukie vizuri, fanya hivi. Badilisha chujio lililovunda. Toa mazulia ya sakafuni, yapige, yafue, yaanike juani mpaka yakauke kabisa. Fungua milango gari lipigwe na upepo. Ondoa majani yaliyojaa chini ya waipa, maana yakioza hewa hupita juu yake. Kama gari lina kiyoyozi, kizime dakika chache kabla ya kufika, uache feni ikiendelea. Feni hiyo hukausha unyevu wa ndani, na kuvu haipati mahali pa kuota.

TUJIHADHARI NA PANYA

Gari linalolala karibu na ghala la mahindi hupata wageni. Panya huingia, hutafuna chujio, hujenga kiota kwa nyuzi zake. Dalili ni harufu ya mkojo na vipande vya nyuzi vinavyotoka kwenye feni.

Ukikuta kinyesi cha panya usikifagie kikavu, maana vumbi lake laweza kubeba magonjwa. Usiwashe feni kwanza. Vaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi, funika pua na mdomo. Lowesha uchafu kwa kitambaa chenye maji yaliyotiwa jiki. Subiri dakika chache, kisha ufute. Chujio hilo halikung’utwi. Lifunge kwenye mfuko ulitupe shimoni. Nawa mikono kwa sabuni.

LINI TUBADILISHE?

Watengenezaji wengi huelekeza kubadilisha chujio kila baada ya kilometa 15,000 hadi 30,000, au mara moja kwa mwaka. Lakini huongeza neno: mahali penye vumbi jingi, fanya mapema. Tupige hesabu pamoja.

Tuseme gari linakwenda kilometa 80 kwa siku, siku 6 kwa wiki.

80 × 6 = 480. Hizo ni kilometa za wiki moja.

15,000 ÷ 480 = karibu wiki 31. Ni kama miezi saba.

Kwa ajili ya vumbi tuchukue nusu yake, yaani kilometa 7,500. Ni karibu wiki 15 au 16. Ni kama miezi mitatu na nusu.

Kwa hiyo gari la namna hiyo litahitaji chujio jipya mara moja mwanzoni mwa kiangazi, na mara ya pili katikati yake. Masika yakiingia, liangalie tena kama lina unyevu. Sasa piga hesabu ya gari unalolijua wewe. Hesabu hii ndiyo faida ya daftari na kalamu.

MAMBO AMBAYO CHUJIO HALIWEZI

Tusiliamini chujio kupita kiasi. Yapo mambo manne halizuii.

Kwanza, halizuii gesi ya sumu inayotoka kwenye bomba la moshi. Gesi hii haina rangi wala harufu. Bomba likitoboka chini ya gari, gesi huweza kupanda ndani. Abiria huumwa kichwa, huona kizunguzungu, husikia kichefuchefu na usingizi mzito. Wakianza watu wawili watatu kwa pamoja, simamisha gari, zima injini, watoe wote nje haraka. Mpeleke kituo cha afya aliyezidiwa. Gari lisiende tena mpaka fundi aone bomba hilo. Gesi hii huua.

Pili, halizuii mvuke wa petroli. Dumu la petroli lisikae pamoja na abiria, hata kama kifuniko kimekazwa.

Tatu, chujio la kawaida si kinga ya kutegemea dhidi ya kifua kikuu. Ukimpeleka hospitali mgonjwa anayekohoa, fungua madirisha hewa ipite, hata kama kuna baridi. Mgonjwa afunike mdomo anapokohoa. Na mtu yeyote aliyekohoa wiki mbili au zaidi aende akapimwe.

Nne, haliondoi uchovu wa hewa iliyotumika. Kwenye dashibodi kuna kitufe chenye picha ya gari na mshale unaozunguka ndani. Kikiwashwa, hewa ya nje hufungwa, na ile ya ndani huzunguka tu. Kinafaa kwa muda mfupi unapopishana na lori lenye vumbi. Vumbi likitulia kizime. Watu wengi wakivuta hewa ile ile kwa muda mrefu, usingizi huingia, na dereva ni mmoja wao. Na dawa bora ya vumbi la lori ni kuacha nafasi. Usilifuate kwa karibu.

KAZI NI YA NANI?

Kazi ni ya mwenye gari, maana ndiye anayetoa fedha ya kipuri. Kazi ni ya dereva, maana yeye huvuta vumbi kuliko wote. Abiria hushuka, yeye hubaki humo tangu alfajiri mpaka jioni. Na kazi ni ya abiria pia. Umelipa nauli yako, unayo haki ya kuuliza kwa adabu: “Kaka, chujio la hewa ulibadilisha lini?” Likiwa limeandikwa tarehe, jibu litaonekana. Ikiwa shule, zahanati au kanisa lina gari, kamati ipange fedha ya chujio pamoja na fedha ya oili. Na liandikwe kwenye daftari la gari.

Usiseme, “Mimi sina gari, hayanihusu.” Siku utakayompakia mtoto wako anayebanwa na kifua, gari la jirani litakuwa gari lako.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Gari linaweza kuwa na machujio mawili ya hewa. Yataje, na useme kila moja linamlinda nani.
2. Kwa nini chujio limekunjwa mikunjo?
3. Gari linakwenda kilometa 100 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Litafikisha kilometa 7,500 baada ya wiki ngapi?
4. Kwa nini kinyesi cha panya hakifagiliwi kikavu?
5. Abiria watatu wanaumwa kichwa kwa pamoja safarini. Mtafanya nini kwanza?
6. Katika kijiji chenu, ni gari lipi hubeba wagonjwa? Nani atakwenda kumwuliza dereva wake habari za chujio, na lini?